Kupanda Mera Peak, mita 6,476: mwongozo kwa aliyeshafika Uhuru

Safari yangu ya kwanza Mera niligeuzwa nikiwa Khare, kituo cha mwisho cha kulala kabla ya barafu, sijagusa hata theluji. Mimi, mtu wa Moshi, niliyeanza kama mgumu wa kubeba mizigo na baadaye nikapata leseni ya kuongoza wageni, niliyefika Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, mara ambazo nimeacha kuhesabu, nilikaa kwenye benchi la mbao nimeshika kichwa kwa mikono miwili huku Mnepali mmoja mdogo kuliko mwanangu wa kwanza akinifunga kamba za viatu ili tushuke. Miaka miwili baadaye nilirudi nikafika juu. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mwenzangu wa Afrika Mashariki aliyeshapanda Kili, akaona picha za Himalaya, akajiambia kwamba tofauti ni mita mia sita tu.

Hesabu hiyo ndiyo inayotuponza. Kambi ya juu ya Mera iko kama mita 5,780. Uhuru ni 5,895. Mahali ambapo mgeni wangu hupiga picha mbili tatu nami nikaanza kumhimiza tushuke, karibu na kimo hicho Mera ndipo unapotandika godoro ulale. Na kabla ya hapo umeshalala usiku tatu au nne Khare, mita 5,045 hivi, juu kuliko Barafu Camp ya Kili kwa zaidi ya mita mia tatu. Kili unauvamia na kuukimbia. Mera unahamia.

Mlima wenyewe

Mera uko Nepal, upande wa kusini wa Everest, kwenye bonde la Hinku, ndani ya eneo la Hifadhi ya Taifa ya Makalu Barun. Una vilele vitatu: Kaskazini (6,476), Kati (6,461) na Kusini (6,065). Vikundi vingi hufika cha Kati na kurudi, kwa kuwa njia ya kwenda cha Kaskazini ina nyufa zaidi na kingo za theluji zinazoning'inia. Muulize wakala mapema anakupeleka kipi, msije mkagombania mita kumi na tano saa mbili asubuhi kwenye upepo. Kilele cha Kati kilipandwa tarehe 20 Mei 1953 na Jimmy Roberts, afisa wa jeshi la Uingereza aliyekuwa ametoka kupeleka mitungi ya oksijeni kwa msafara wa Everest, pamoja na Sherpa Sen Tenzing. Siku tisa baadaye Hillary na Tenzing Norgay wakafika juu ya Everest, na Mera ukasahaulika.

Nepal inauita mlima huu kilele cha matembezi. Jina hilo ni la kiofisi tu: lina maana kwamba kibali kinatolewa na Chama cha Upandaji Milima cha Nepal, NMA, badala ya serikali kuu. Halina maana kwamba utatembea mikono mfukoni. Kuanzia Mera La (La ni kipito kati ya milima), mita 5,415, uko juu ya mto wa barafu wenye nyufa, mmefungwa kamba moja, na mguuni una kramponi, meno ya chuma yanayofungwa chini ya kiatu.

Anza na daktari, kabla ya wakala

Nenda ukapime damu ujue kama una chembe za selimundu. Miongozo mingi ya Kizungu haiweki jambo hili mbele, kwa sababu wasomaji wake wengi haliwahusu. Sisi linatuhusu. Mtu mwenye urithi wa upande mmoja anaweza kuishi maisha yake yote hajui, akacheza mpira, akalima, akapanda hata Meru. Juu sana, oksijeni ikipungua, chembe zake zinaweza kujikunja na kuziba damu inayokwenda kwenye bandama. Dalili yake ni maumivu makali ya ghafla upande wa kushoto, chini ya mbavu. Ukiwa na urithi huo haina maana umekatazwa mlima moja kwa moja, lakini daktari ajue, kiongozi wako ajue, na maumivu hayo yakitokea unashuka saa hiyo hiyo. Mwenye ugonjwa kamili wa selimundu asiende.

Mwambie pia daktari kama Septrini au dawa za malaria za jamii ya SP zimewahi kukuletea vipele au kuvimba. Diamox, dawa ya kusaidia mwili kuzoea hewa nyembamba, ni ya ukoo wa salfa. Kipimo cha kawaida cha kinga ni miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda juu, lakini akuandikie yeye. Ijaribu ukiwa nyumbani. Vidole vitawashawasha, utakojoa kila mara, na soda itakuwa na ladha ya maji ya bomba. Ni kawaida. Kadi yako ya njano ya chanjo usiiache, kwa sababu Nepal huiuliza kwa wanaotoka nchi zenye homa ya manjano.

Mazoezi: miezi sita

Miezi minne ya kwanza sina siri ya kukupa. Panda ngazi au kilima na begi la kilo 12 hadi 15 mara tatu kwa wiki, na mwishoni mwa wiki tembea saa sita mfululizo. Lengo si mbio. Lengo ni kuamka kesho yake na kurudia.

Miezi miwili ya mwisho ndiyo yenye maana. Ukiwa na fedha ya safari moja tu ya maandalizi, usirudi Kili. Nenda Rwenzori, upande wa Uganda, ukapande Margherita, mita 5,109. Kwetu ni moja ya mahali pachache palipobaki ambapo utavaa kramponi, utashika shoka la barafu na kufungwa kamba na mwenzako. Barafu yake inapungua kila mwaka, na ile ya Lewis kwenye Mlima Kenya imebaki kidogo mno, kwa hiyo usiahirishe.

Kama Rwenzori imekushinda bei, kamba unaweza kujifunza nyumbani. Mimi nilifunga mita ishirini za kamba kwenye mparachichi wetu, nikaishusha mpaka kwenye kijiteremko cha nyuma ya banda la ng'ombe. Kuna kifaa kinaitwa jumari: kinateleza juu kwenye kamba lakini hakirudi chini, kina meno. Kimefungwa kwenye hanesi yako, mikanda ya kiunoni na mapajani, kwa kamba fupi, na pembeni yake una kamba fupi ya pili yenye karabina ya usalama, pete ya chuma yenye mlango. Unapanda, unafika kwenye fundo ambapo kamba imefungiwa mlimani. Jumari haliwezi kupita fundo. Sasa angalia mpangilio: kwanza unahamisha karabina ya usalama, unaifunga juu ya fundo. Ndipo unafungua jumari, unaipitisha, unaifunga juu. Kwa namna hiyo hakuna hata sekunde moja ambayo hujafungwa. Ukigeuza mpangilio, kuna sekunde mbili ambazo umeshikiliwa na kramponi na bahati.

Rudia mara mia. Kisha vaa glovu nene urudie. Kisha fanya usiku na taa ya kichwani. Majirani walinicheka sana, na mama mkwe aliuliza kama kazi ya wageni imeisha.

Kutembea na kramponi nako kuna namna yake. Panua miguu kama mtu aliyeshuka sasa hivi kutoka juu ya punda, maana meno ya mguu mmoja yakinasa suruali ya mguu mwingine unaanguka kifudifudi. Kanyaga kwa wayo mzima, meno yote yaume.

Karatasi na pesa

Lazima upitie wakala aliyesajiliwa Nepal. Yeye ndiye anayekukatia kibali cha NMA na cha hifadhi. Ada hubadilika kwa msimu, majira ya kuchipua (Aprili na Mei) yakiwa ghali kuliko yote, basi omba bei ikiwa imeandikwa kipengele kwa kipengele. Maswali yangu matatu kwa wakala ni haya: ratiba ina usiku ngapi Khare? Inapita wapi kwenda? Na wapagazi wanavaa nini juu ya mita 4,000? La tatu watu wa Moshi tunalielewa bila kuelezwa. Wakala anayejibu swali la mpagazi kwa kigugumizi, na wewe atakufanyia hivyo hivyo mambo yakiharibika.

Bima isome kwa makini. Nyingi zinaishia mita 6,000, na Mera ni 6,476, hivyo tafuta inayofika 6,500 au zaidi na inayotaja helikopta kwa maandishi. Hata hivyo, usikubali kuitiwa helikopta kwa kikohozi tu. Mwaka 2018 serikali ya Nepal ilichunguza mtandao wa uokoaji wa uongo ambapo watalii wazima waliambiwa wanakufa ili bima ilipe.

Kosa langu mwaka ule wa kwanza lilikuwa hapa. Nilichukua ratiba fupi ya bei nafuu kutoka kwa wakala mmoja, iliyotoka Lukla (mita 2,860) na kuvuka moja kwa moja Zatrwa La, mita 4,600 na kitu, ndani ya siku chache za mwanzo. Niliona ni sawa. Si Lava Tower ya Kili ni 4,600 tu? Lakini Lava Tower unakula chakula cha mchana na kushuka kulala Barranco. Kule nililala juu kabla mwili haujajua umefika nchi gani, na deni hilo nikalilipa Khare.

Vifaa

Vingi utavipata kwa mitumba. Koti zito la manyoya ya bata nililovaa kileleni nililinunua soko la Kiboriloni, Moshi, na sijaona la dukani lililolizidi. Begi la kulalia liwe la kuhimili nyuzi ishirini chini ya sifuri au zaidi ya hapo. Vitu vizito vya barafu (kramponi, hanesi, shoka, kofia ngumu) unaweza kukodi Thamel, mtaa wa watalii wa Kathmandu. Viatu ndivyo visivyo na mjadala: viwe vya tabaka mbili, kiatu ndani ya kiatu, na vikae vizuri na soksi nene bila kubana. Vile vya ngozi tunavyopandia Kili vitakukata vidole.

Sisemi kwa mafumbo. Tafiti za jeshi la Uingereza zimeonyesha kwamba askari wenye asili ya Afrika huumizwa na baridi kirahisi kuliko wenzao. Mishipa ya vidole vyetu hujifunga mapema na kuchelewa kufunguka. Kwa hiyo ongeza jozi ya glovu kubwa zisizotenganisha vidole, beba vifuko vya joto, na vidole vikianza kufa ganzi sema mara moja. Uanaume wa kunyamaza tumeufundishwa, lakini kidole kikishakatwa hakirudi.

Ngozi nyeusi nayo inaungua. Theluji safi hurudisha juu sehemu kubwa ya mionzi ya jua, hivyo unachomwa kutoka chini: chini ya kidevu, chini ya midomo, hata ndani ya matundu ya pua. Paka mafuta ya jua humo. Miwani iwe ya daraja la 4, yenye kuziba pembeni. Macho yakiungua na theluji ni kama umemwagiwa mchanga wa moto, na siku mbili huoni njia.

Na beba unga wa uji, kilo moja. Wali na dengu wa Wanepali, dal bhat, unaongezewa mpaka ukatae, na ni chakula kizuri; lakini juu ya mita 5,000 hamu hupotea kabisa, na tumbo hukubali kile lilichokizoea utotoni.

Njia, siku kwa siku

Chagua Oktoba na Novemba, au Aprili na Mei. Vuli ya kule, Oktoba na Novemba, hewa ni safi na baridi ni kali. Kuchipua kuna theluji zaidi na joto kidogo. Vuli nayo ina tabia ya vimbunga kutoka Ghuba ya Bengal. Oktoba 2014 mabaki ya kimbunga Hudhud yaliangusha theluji eneo la Annapurna na kuua watu wasiopungua 43, wengi wakiwa kwenye njia za kawaida za matembezi. Kimbunga kikitajwa Bengal, kaa kijijini.

Kathmandu tenga siku mbili za vibali na kukodi vifaa. Msimu ukiwa umejaa, ndege za Lukla huruka kutoka Manthali, wilaya ya Ramechhap, ambako unasafirishwa kwa gari usiku wa manane. Uwanja wa Lukla una lami ya mita 527 tu, imeinama kama kilima, upande mmoja ukuta wa mlima na mwingine korongo. Ndege ikikanyaga, kila mtu hupiga makofi.

Kutoka Lukla fuata njia ndefu ya kusini. Siku nne au tano za kupanda na kushuka msituni: Paiya, Panggom, Ningsow, Chhatra Khola, zote chini kidogo ya mita 3,000 au juu kidogo tu. Utalalamika kwamba hupandi. Vizuri, usipande. Kisha Kothe, kama mita 3,600, kando ya mto wa Hinku. Hapa lala usiku mbili, hata kama ratiba imeandika mmoja. Kanuni ni kwamba juu ya mita 3,000 mahali pa kulala pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500, na kila siku tatu au nne upumzike. Kothe hadi Tangnag ni zaidi ya mita 700, kwa hiyo deni linalipwa mbele.

Njiani kwenda Tangnag (mita 4,350 hivi) utaona bonde limechubuliwa, mawe makubwa yamelala hovyo mbali na mlima wowote. Ni alama za tarehe 3 Septemba 1998, ziwa la barafu la Sabai Tsho lilipopasua kingo zake. Tangnag pia usiku mbili. Siku ya katikati panda ukingo wa mawe ulione ziwa lenyewe, kisha urudi kulala chini. Halafu Khare, usiku tatu kwa uchache. Siku moja pumzika kabisa. Ya pili nendeni kwenye barafu mkajaribu kramponi, jumari na kushuka kwa kamba, na kiongozi akiona mikono yako bado inatafuta, ongezeni siku.

Kila jioni tulikuwa na utaratibu uleule wa Kili: kipimo cha oksijeni kwenye kidole, maswali ya kichwa, tumbo, usingizi. Namba za kifaa zisikutishe zikiwa peke yake, angalia mtu. Anayeumwa kichwa na amekosa hamu ya kula hapandi kesho, anabaki. Asiyeweza kutembea kwenye mstari, kisigino kikigusa kidole cha mbele, ubongo wake umeanza kuvimba. Anayehema akiwa amekaa, anayekohoa povu, mapafu yake yana maji. Hao wawili wanashuka usiku huohuo, na tochi, bila kungoja helikopta wala asubuhi. Dawa za dharura, deksamethasoni na nifedipini, zinamsaidia ashuke; haziwi sababu ya kubaki.

Wanepali husema *bistarai, bistarai*. Ni pole pole yetu, na wanaisema kwa sauti ileile ya kumchosha mgeni. Mama mwenye lodji muite *didi*, dada mkubwa. Mpagazi aliyekuzidi umri ni *dai*, kaka. Chai huja haraka zaidi.

Usiku wa kilele

Kutoka Khare hadi kambi ya juu ni saa sita hivi, ukivuka Mera La. Hema limebanwa chini ya mwamba. Fika mapema, yeyusha theluji, kunywa, lala na chupa za maji ndani ya begi la kulalia pamoja na betri na soksi za ndani za viatu. Chupa igeuze kichwa chini: maji huganda kuanzia juu, na juu hiyo sasa ni kitako, mdomo unabaki wazi. Mrija wa kunyonyea maji uache Khare. Ndugu zangu wa Kili mnajua unavyoganda.

Mnaondoka saa nane usiku. Mteremko si mkali, ni mrefu, mweupe na hauna mwisho. Kamba kati yenu isilegee ikaburuta wala isikazwe ikamvuta wa mbele. Hatua, pumzi, hatua, pumzi mbili. Hewa unayovuta haifiki nusu ya ile ya Tanga au Mombasa. Kunapopambazuka, Makalu anawaka mashariki kwanza, halafu Everest na Lhotse, Cho Oyu upande wa magharibi, na mbali kabisa Kanchenjunga. Milima mitano ya zaidi ya mita 8,000 kutoka sehemu moja.

Mwishoni kuna kichuguu chenye mwinuko mkali, makumi ya mita tu, chenye kamba iliyokwisha kufungwa. Hapo ndipo mparachichi ulipolipa. Usalama kwanza, jumari baadaye. Mikono yangu ilifanya yenyewe huku kichwa kikiwa kimelala.

Kubalianeni saa ya kugeuka kabla ya kutoka hemani. Sisi tuliweka saa nne asubuhi. Jua likishakuwa kali theluji inayofunika nyufa hulegea, na ile daraja uliyoivuka usiku haikubebi mchana. Ikifika saa hiyo na kilele kiko mita hamsini juu, ni kugeuka.

Kurudi

Siku hiyohiyo shukeni mpaka Khare. Usilale kambi ya juu mara ya pili. Kesho yake Kothe, halafu Thuli Kharka, na sasa Zatrwa La inapitika bila shida ya kichwa, ila asubuhi upande wa Lukla mawe yana barafu nyembamba isiyoonekana. Usivue kramponi ndogo mpaka ufike kwenye majani.

Lukla tipu hutolewa jioni kabla ya ndege, kwenye bahasha, kila mpagazi mkononi mwake. Tiketi ya kurudi Doha au Dubai weka siku mbili au tatu za akiba, maana wingu moja linafunga uwanja. Mimi nilikaa siku mbili, nikipika uji uliobaki kwenye jiko la didi. Alionja kijiko kimoja, akaongeza chumvi na siagi ya nak, ng'ombe jike wa manyoya marefu wa kule, akamaliza bakuli.